Kompyuta mbili nyuma ya NAT hazishikani moja kwa moja: anzia kwenye dalili yako

Mwenye duka la vipuri Kirinyaga Road anataka kuona kamera zake akiwa nyumbani Kasarani. Mhasibu anaishi Rongai, na kompyuta yenye hesabu za kampuni imebaki ofisini Upper Hill. Ndugu wawili, mmoja Umoja na mwingine Lang'ata, wanataka kutumiana video za harusi bila kuzipandisha kwanza kwenye seva ya mtu wasiyemjua. Malalamiko yao hufanana: kila kompyuta ina intaneti na inafungua tovuti yoyote, lakini zenyewe kwa zenyewe hazionani, au zinaonana kwa kuzungushwa mbali.

Chanzo ni uhaba. Anwani za IPv4, namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, ni takriban bilioni 4.3 duniani kote, na AFRINIC, shirika linalozigawa barani Afrika, limekuwa likizitoa kwa vipimo vidogo sana tangu 2020. Kwa hiyo ruta hutumia anwani moja kwa nyumba nzima, na kampuni nyingi za intaneti hutumia anwani moja kwa nyumba nyingi. Kazi hiyo ya kugawana ndiyo NAT. Hufanya kama mlinzi wa geti la ploti: ukituma ujumbe nje anauandika daftarini, na jibu lake likirudi analiruhusu, mgeni asiyeandikwa anarudishwa. Kompyuta mbili zikiwa kila moja nyuma ya mlinzi wake, hakuna inayoweza kuwa ya kwanza kuingia kwa mwenzake.

Nina ombi moja kabla hatujaendelea. Usinunue ruta mpya, wala usihame kampuni, mpaka ujue NAT ziko ngapi kati ya kompyuta hizo mbili na kila moja ni ya nani. Pesa nyingi hupotea Luthuli Avenue kwa kununua kifaa kizuri kisichohusika na tatizo.

## Pima kwanza

Kwa kila upande, andika anwani tatu kwenye karatasi.

1. Anwani ya kompyuta yenyewe. Kwenye Windows ni amri `ipconfig`, kwenye Linux ni `ip addr`.
2. Anwani ya WAN, yaani ya upande wa ruta unaoelekea nje, inayoonekana ndani ya ukurasa wa ruta, sehemu ya hali ya mtandao.
3. Anwani ambayo dunia inakuona nayo. Tovuti yoyote ya kuonyesha IP itakuambia. Zima VPN zote kwanza (programu zinazopitisha data yako kwenye njia ya faragha), la sivyo utaandika anwani ya VPN.

Linganisha ya pili na ya tatu. Zikiwa sawa, NAT ni moja na ni yako. Mambo mengi utayamaliza mwenyewe. Zikitofautiana, kuna NAT nyingine juu yako. WAN ikianza na 192.168 au 10, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, huenda kuna ruta nyingine ndani ya nyumba, au ya mwenye WiFi ya ghorofa, au kampuni inatumia anwani za ndani kwa wateja. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, hiyo ni CGNAT, yaani NAT ya kampuni ya intaneti. Safu hiyo ilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa.

Hapa watu huchanganyikiwa mara nyingi. Tailscale, programu ya VPN ya kuunganisha kompyuta zako, nayo huipa kila kompyuta anwani kutoka safu hiyohiyo ya 100.64 hadi 100.127. Ukiona anwani ya namna hiyo kwenye kompyuta, hujathibitisha lolote kuhusu kampuni yako. Kinachohesabika ni WAN ya ruta. Vilevile, amri ya `tracert`, inayoorodhesha vituo vya njiani, ikionyesha kituo chenye anwani ya 10 mara tu baada ya ruta, huo si ushahidi wa CGNAT. Kampuni nyingi huipa mitambo yao ya njiani anwani za ndani bila kugusa anwani ya mteja.

Mwisho, jua njia inayotumika sasa hivi. Kwa Tailscale, `tailscale ping` ikifuatwa na jina la kompyuta ya pili itakuonyesha kama majibu yanapitia `DERP`, yaani seva ya kupitishia, au yanatoka kwenye anwani na poti (namba ya mlango wa programu) halisi ya mwenzako. Kwa WireGuard ya kawaida, VPN unayoipanga mwenyewe, `wg show` itakuonyesha mara ya mwisho pande mbili ziliposalimiana. Kama mstari huo haupo kabisa, hazijawahi kufikiana hata mara moja.

## Dalili: zinashikana, lakini polepole mno

Hili ndilo lalamiko la kila siku, na mara nyingi mwenye kulalamika haelewi kwamba muunganisho wake si wa moja kwa moja. Programu imeshindwa kutoboa NAT, yaani kupitisha data moja kwa moja kati ya walinzi wawili, ikaamua kupitisha kila kitu kwenye seva ya kati. Seva hiyo ikiwa Ulaya, data ya kutoka Kasarani kwenda Upper Hill inavuka bahari kwenda na kurudi, na kila jibu linachelewa zaidi ya milisekunde 100. Kwa njia ya moja kwa moja ndani ya jiji, milisekunde chache hutosha.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu Nairobi ina KIXP, kituo ambapo kampuni za intaneti hubadilishana data za wateja wao hapahapa nchini. Kilianza mwishoni mwa 2000, kikafungwa muda mfupi baadaye kwa amri ya mdhibiti, kikafunguliwa tena 2002. Watu walipigania haki ya data ya hapa kubaki hapa. Muunganisho wako ukipitia seva ya ng'ambo bila sababu, faida hiyo hupati.

Sababu inayoongoza ni UDP, mojawapo ya njia mbili kuu za kutuma data (nyingine ni TCP), kuzuiwa upande mmoja. Kutoboa NAT hutegemea UDP, na ofisi nyingi, vyuo na WiFi za mikahawa huruhusu kuvinjari tovuti tu. Endesha `tailscale netcheck` pande zote mbili. Mstari wa `UDP` ukisema `false`, umempata mkosaji. Hamisha kompyuta hiyo kwenye hotspoti ya simu upime tena. Ikibadilika kuwa `true`, kosa liko kwenye mtandao wa jengo, kompyuta ni nzima.

Sababu ya pili inataka maelezo kidogo. Ili kutoboa, kila kompyuta huuliza seva ya STUN, kwa kawaida kwenye poti 3478: "Unaniona nikitokea anwani gani na poti gani?" Kisha pande mbili hupeana majibu, na zote hutuma pakiti (vipande vya data) kwa wakati mmoja kuelekea huko. Kila mlinzi anaona wa ndani mwake ametoka kwanza, kwa hiyo jibu anaruhusu liingie. Mbinu hii inafaulu kama NAT inakupa poti ileile ya nje hata ukiongea na nani. Tuiite NAT rahisi. Ipo nyingine inayokupa poti mpya kwa kila unayeongea naye. Poti aliyoiona STUN siyo atakayoiona mwenzako, na pakiti zinagonga pasipo na mtu. Hiyo ni NAT ngumu. Laini za simu na fayawoli za maofisi makubwa mara nyingi ni za aina hii. Kwenye `netcheck`, mstari wa `MappingVariesByDestIP` ukisema `true`, uko nyuma ya NAT ngumu.

Rahisi kwa rahisi, itatoboka. Ngumu kwa ngumu, hesabu kwamba haitatoboka. Usipoteze usiku wako. Ngumu kwa rahisi, kinachoamua ni upande ulio rahisi. Fungua poti moja ya UDP kwenye ruta ya upande huo, ielekee kompyuta husika (Tailscale hutumia 41641, WireGuard kwa kawaida 51820, na ZeroTier, programu nyingine ya aina hiyo, 9993), na upande mgumu utakuwa na mahali pa kugonga pasipobadilika. Hii ndiyo tiba ninayoipendekeza kuliko zote, kwa sababu inahitaji upande mmoja tu kuwa na anwani ya umma. Mhasibu wa Rongai akiwa na faiba yenye anwani ya umma, ugumu wa NAT ya ofisini haumzuii tena, ilimradi ofisi inaruhusu UDP kutoka ndani kwenda nje.

Wengine watakushauri uwashe UPnP ili programu ijifungulie poti yenyewe. Inafanya kazi. Lakini ukiiwasha, programu yoyote ndani ya nyumba, hata ile iliyoingia na virusi, inaweza kujifungulia. Poti moja uliyoifungua kwa mkono, unayoijua kwa namba, ni salama zaidi.

Kama pande zote mbili ni ngumu na hakuna wa kubadilisha, kuna njia tatu za heshima. Angalia kama pande zote mbili zina IPv6, mfumo mpya wa anwani usio na uhaba: anwani inayoanza na 2c ni ya safu ya Afrika. Hapo hakuna NAT kabisa, ila ruta bado huzuia wanaoingia, na programu nyingi za kutoboa hulimaliza hilo zenyewe. La pili ni kulipia anwani tuli ya umma kwa kampuni ya intaneti. La tatu ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma na kuifanya kituo cha kati cha WireGuard. Si moja kwa moja, lakini njia ni yako na unaichagua ilipo. Kama huwezi lolote kati ya hayo, basi angalau tumia seva ya kupitishia iliyo karibu: Tailscale ina kituo Nairobi, na `netcheck` itakupangia vituo vyote kwa milisekunde.

Simama hapa: ikiwa UDP imezuiwa kwenye mtandao wa mwajiri, usitafute njia ya kuupenya. Zungumza na mtu wa TEHAMA wa ofisi akuruhusu kwa maandishi. Kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya 2018, na nia njema haikukingi.

## Dalili: nimefungua poti kwenye ruta, lakini kutoka nje haionekani

Anza kwa kuuliza: umepima ukiwa wapi? Ukiwa nyumbani kwenye WiFi yako mwenyewe ukaandika anwani yako ya umma, ruta nyingi haziwezi kuigeuza pakiti irudi ndani. Utaona imekataa ilhali kwa watu wa nje inakubali. Zima WiFi kwenye simu, tumia bando, upime upya. Malalamiko mengi huishia hapo.

La pili ni kipimo chenyewe. Tovuti za kukagua poti kwa kawaida hupima TCP pekee. Ukifungua UDP kwa ajili ya WireGuard, tovuti hizo zitasema imefungwa, na hata kipimo cha UDP hakitapata jibu, kwa sababu WireGuard hainyanyui sauti kwa asiye na ufunguo. Hiyo ni sifa yake nzuri. Kipimo cha kweli ni kuweka `tcpdump -ni any udp port 51820` kwenye kompyuta ya ndani, kisha ujaribu kuunganisha kutoka nje. Pakiti zikionekana zinaingia, ruta imefanya kazi yake na kosa liko kwenye funguo au fayawoli ya kompyuta. Zisipoonekana, tatizo liko juu.

Juu kuna mambo mawili. Yule aliyeandika kwenye karatasi kwamba WAN haifanani na anwani ya umma ajue kuwa kufungua poti kwenye ruta yake ni kufungua mlango wa chumbani ilhali geti limefungwa. Kama NAT ya juu ni ya kisanduku cha faiba cha kampuni, nacho kiko sebuleni mwako, unaweza kuomba kiwekwe kwenye hali ya daraja, ili ruta yako ipate anwani ya umma yenyewe. Au ufungue poti mara mbili, kwanza kwenye kisanduku kuelekea ruta, kisha kwenye ruta kuelekea kompyuta. Kama NAT ya juu ni CGNAT, hakuna kitufe chochote nyumbani kwako kitakachosaidia. Piga simu kwa kampuni.

Kwenye ploti nyingi za Pipeline, Roysambu na Githurai, intaneti ni ya fundi aliyeweka ruta moja juu ya jengo na kutandaza kebo kwa kila nyumba. Hapo waweza kuwa na NAT tatu: ya kwako, ya fundi na ya kampuni anayonunua kwake. Usipande juu kugusa mtambo wake hata kama kabati liko wazi. Mwombe akufungulie poti. Akiwa naye yuko nyuma ya CGNAT, nendeni kwenye mbinu ya kutoboa.

Hayo yakiwa sawa, angalia yafuatayo haraka: kompyuta imebadilishiwa anwani ya ndani tangu ufungue poti (ifungie anwani ndani ya ruta kwa kutumia MAC, namba ya kadi yake ya mtandao), umechagua TCP badala ya UDP, Windows imeutambua mtandao wako kuwa wa hadharani na imefunga kila kitu, antivairasi ina fayawoli yake ya pili.

Usifanye hivi kamwe: usifungue poti 3389 ya Remote Desktop, 445 ya kushirikisha faili, wala poti ya kinasa kamera, ikaelekea intaneti nzima. Usiweke kompyuta kwenye DMZ ya ruta, yaani kuifungulia poti zote, "kwa muda tu." Roboti za kutafuta poti wazi huzunguka anwani zote za IPv4 bila kupumzika, na kinasa kamera chenye nywila ya kiwandani hakimalizi muda kabla ya kutekwa. Fungua poti ya VPN pekee, kisha fikia kamera na kompyuta ukiwa ndani ya VPN. Picha za wateja dukani kwako ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na wajibu wa kuzilinda ni wako. Ukikuta ruta yako ina sheria za poti usizoziweka, au nywila ya msimamizi imebadilika, chomoa kebo ya intaneti na umwite mtaalamu wa usalama. Usianze kufuta, atahitaji kuona kilichotokea. Tukio lenyewe unaweza kuliripoti kwa KE-CIRT, kikosi cha taifa cha kushughulikia mashambulizi ya mtandaoni.

## Dalili: ilishika vizuri, baada ya muda mfupi wa kimya inakatika

Mlinzi hufuta daftari. Waraka wa kiufundi RFC 4787 wa 2007 unataka NAT isifute kumbukumbu ya muunganisho wa UDP kabla ya dakika 2, lakini ruta nyingi hufuta baada ya sekunde 30. Ukinyamaza kuliko hapo, upande wa pili hauwezi tena kukufikia mpaka wewe uanze.

Kwenye WireGuard, ongeza `PersistentKeepalive = 25` kwa upande ulio nyuma ya NAT. Sekunde 25 zilichaguliwa kwa sababu ziko chini ya 30. Data inayotumika ni ndogo sana, hata kwa mwenye bando.

Kama bado inakatika, angalia usingizi wa kompyuta, hasa kadi ya WiFi ya laptopu inayozimwa kuokoa betri. Kisha uliza kama ofisi ina laini mbili za intaneti zinazogawana mzigo: pakiti zikitoka leo kwa laini hii na kesho kwa ile, anwani ya nje inabadilika katikati ya mazungumzo. Msimamizi wa mtandao anaweza kuifunga kompyuta yako kwenye laini moja. Mwisho kabisa, ruta ndogo huelemewa: jedwali lake la miunganisho likijaa, kwa mfano mtu akipakua kwa torenti, huanza kutupa kumbukumbu za zamani. Ikiwa kukatika kunafuata saa za jioni nyumba ikiwa imejaa watu, shuku hilo.

## Dalili: ilikuwa sawa mpaka stima ikapotea

Ruta iliyowashwa upya mara nyingi hupewa anwani mpya ya umma. Kama upande wa pili uliandikiwa anwani ya zamani kwa namba, hautaipata tena. Tumia jina la DDNS, jina linalofuata anwani yako inapobadilika, badala ya namba, na ujue kwamba WireGuard hutafsiri jina mara moja tu inapoanza. Anwani ikibadilika katikati, anzisha upya muunganisho au weka kazi ya kujirudia itakayofanya hivyo. Tailscale na ZeroTier hujirekebisha zenyewe.

Anwani ya ndani nayo huweza kubadilika stima inaporudi, kwa kuwa ruta imesahau ilichogawa. Ndiyo maana nimesisitiza kuifunga.

Kuna sababu ambayo mafundi huipita: saa. Kompyuta kuukuu ya ofisini ambayo betri yake ndogo ya ubao mama imekufa huamka na tarehe ya miaka iliyopita. Vyeti vya usalama vinakataliwa, programu haiingii kwa seva yake ya uratibu, nawe unahangaika na NAT ambayo haina hatia. Tazama saa kwenye kona ya skrini kabla ya chochote. Betri hiyo, CR2032, inauzwa hata na mafundi wa saa.

Taa nyekundu ya LOS ikiwaka kwenye kisanduku cha faiba, acha. Tatizo ni waya wa kioo, na NAT haijafikiwa bado. Usichomoe ule mdomo wa kijani kutazama ndani: mwanga wake hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru, na vumbi kidogo linatosha kuharibu mwunganiko. Usiukunje waya huo kwenye kona ya ukuta. Kazi hiyo ni ya kampuni.

## Dalili: ping inapita, lakini faili au skrini ya mbali inaganda

Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinapotea. Pakiti ya kawaida ina baiti 1500; laini za PPPoE (zinazoingia kwa jina na nywila) huacha 1492, na kila VPN huongeza mzigo wake. WireGuard huanza na 1420, na Tailscale hushuka hadi 1280 kwa makusudi.

Nje ya VPN, kwenye Windows andika `ping -f -l 1472` ikifuatwa na anwani ya nje inayojibu. Kwenye Linux ni `ping -M do -s 1472`. Ukijibiwa kwamba pakiti ni kubwa mno, punguza mpaka ipite, kisha ongeza 28: hiyo ndiyo MTU, ukubwa wa juu wa pakiti, ya njia yako. Kwa jaribio la haraka, weka MTU ya WireGuard kuwa 1280 pande zote mbili. Kuganda kukiisha, umeshapata jibu.

## Dalili: VPN imeshika, lakini vifaa vya upande wa pili havionekani

Mara nyingi nyumbani ni 192.168.1 na ofisini pia ni 192.168.1. Kompyuta yako ikitafuta printa ya 192.168.1.50, inaitafuta sebuleni. Badilisha safu ya nyumbani iwe isiyo ya kawaida, mfano 192.168.87, kisha washa ruta upya. Usibadilishe ya ofisini bila msimamizi: kamera, printa na mashine za malipo zimeandikiwa anwani kwa mkono na zote zitazimika.

Dalili inayofanana ni majirani wawili wa kampuni moja ya intaneti, au hata wa jengo moja, wasioonana ilhali wote wanafikia watu wa mbali. Huenda WiFi ya jengo imetenga wateja wasionane, jambo zuri kwa usalama, au CGNAT haikubali kuigeuza pakiti kutoka kwa mteja wake kwenda kwa mteja wake mwingine. Kama mko jengo moja na mwenye jengo anakubali, kebo moja ya mtandao kati ya nyumba mbili itawafaa kuliko programu yoyote.

## Ukipiga simu kwa kampuni ya intaneti

Wa kwanza kupokea simu atakuambia uzime ruta na uiwashe. Fanya hivyo mapema ili umwambie umeshafanya. Kisha mpe anwani ya WAN na anwani ya umma, umwonyeshe kwamba hazifanani, na umwulize kwa maneno haya: laini yangu iko nyuma ya CGNAT? Mnatoa anwani ya umma, tuli au inayobadilika, na kwa bei gani? Mnatoa IPv6 kwenye kifurushi changu? Mnaweza kuweka kisanduku changu kwenye hali ya daraja? Kwa kufungua poti moja, anwani ya umma inayobadilika pamoja na DDNS inatosha, na usikubali kulipia kifurushi cha biashara kwa ajili ya hiyo kabla hujauliza. Taja pia saa na tarehe tatizo lilipotokea, na uombe namba ya tiketi. Akikuambia CGNAT haiondoleki kwa kifurushi chochote, rudi kwenye upande wa pili wa karatasi yako: pengine ofisi au duka ndilo lenye anwani ya umma, na upande mmoja unatosha.